Paa la Mawe Meupe

Jumapili ile ya Juni wachimbaji wa mambo ya kale walipowaalika watu wa kijiji cha Kilvarna waje wajionee kilichofukuliwa, Sabina Ruane alikwenda na jiwe jeupe mfukoni mwa koti lake. Jiwe lilikuwa limekaa humo tangu Machi. Machi ilipofika uwanja ulikuwa umeshazungushiwa wavu kwa ajili ya barabara mpya, na yeye hakujua amwombe nani ruhusa, wala aseme anaingia kufanya nini.

Walikuwa watu kama arobaini, bado na nguo zao za misa, viatu vikizama topeni. Mkuu wa wachimbaji, Dervla, mwanamke ambaye Sabina angeweza kumzaa, alitembea kinyumenyume mbele yao akionyesha kwa mwiko wake. Hapa ukuta wa kaskazini. Pale madhabahu. Kipande hiki kilichochongwa ni cha dirisha. Miaka mia saba iliyopita, alisema, hapa palikuwa na kanisa la parokia, lenye padri wake na watu wake wa kila Jumapili. Kisha likaachwa. Paa likaanguka, mawe yakabebwa moja moja kwenda kujengea mazizi, mpaka likasahauliwa hata jina.

"Kanisa!" mtu akanong'ona nyuma. "Na mimi nimechunga ng'ombe hapa maisha yangu yote."

"Ndiyo maana ng'ombe wako wana adabu kukushinda," mwingine akamjibu, na watu wakacheka chini kwa chini.

Hakuna aliyesema lile ambalo kila mtu mzima pale alilijua. Watu wa Kilvarna walisahau kanisa, lakini hawakusahau kwamba udongo ule ulikuwa na utakatifu fulani. Haukumtosha mtu aliyebatizwa, ila ulimtosha mtoto aliyekufa kabla maji hayajamgusa. Kwa vizazi vingi baba mtu alikuja hapa peke yake kabla jua halijatoka, sanduku kwapani, na akirudi nyumbani hakuulizwa. Mahali penyewe paliitwa Kilini, na jina hilo lilitajwa kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala.

Dervla akasimama penye mti wa miiba uliokuwa peke yake upande wa kusini.

"Huu hatukuukata," alisema. "Vijana wa hapa niliowaajiri waliniambia afadhali niwafukuze kazi."

"Walifanya vizuri," sauti ikasema. "Mti huo una wenyewe."

"Basi tumechimba pembeni yake, na tumekuta kitu kinachotutatiza." Uso wake uling'aa. "Lundo la mawe meupe, ya aina inayotoka kwenye kijito cha mlimani. Yamewekwa moja moja kwa miaka mingi, kwa uangalifu mkubwa. Tunadhani labda ni desturi ya mahujaji wa zamani, kila anayeingia anaacha jiwe mlangoni. Maana chini ya lundo tumekuta kizingiti cha kanisa."

"Na chini ya kizingiti?" Sabina aliuliza.

Watu wakageuka. Sabina hakuwa mtu wa kuuliza maswali mbele za watu.

"Udongo mgumu tu, Bi Ruane. Haujawahi kuguswa na jembe."

"Hakuna mtoto?"

Dervla aliacha kutabasamu. "Hakuna. Makaburi ya watoto yako upande wa kaskazini, kule kwenye turubai. Hapa hakuna hata moja."

Sabina akatoa lile jiwe mfukoni, akalitazama, akalirudisha.

"Hao mahujaji wako wa zamani," alisema, "ni mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

*

Aliolewa na Festus Ruane mwaka 1955, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Festi alikuwa mwezekaji, na alikuwa bingwa wa kazi yake. Mabua ya shayiri yalimtii. Maneno ndiyo yaliyomshinda. Alikuwa akipanda ngazi asubuhi na kushuka jioni bila kutumia zaidi ya kumi.

Kila mwezekaji katika nchi ile alikuwa na alama yake. Akifika juu kabisa, mgongoni mwa paa, mahali fito zinapobana mabua na kuonekana kwa nje, alizipishanisha kwa mtindo wake, na mtu akipita njiani alijua nani aliyeezeka bila kuuliza. Alama ya Festi ilikuwa macho matatu yenye ncha, yanayofuatana, kisha ufito mmoja ulionyooka, kisha macho matatu mengine. Na jicho la mwisho hakulifunga. Aliliacha wazi upande mmoja, upana wa kiganja.

"Umesahau hapo," Sabina alimwambia alipoezeka nyumba yao wenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa.

"Sikusahau. Paa la mtu aliye hai halifungwi lote." Akashuka ngazi hatua mbili, akafikiri, akaongeza: "Ukilifunga umemwambia Mungu kazi imekwisha."

Mtoto alikuja tarehe tisa Machi mwaka uliofuata, kabla ya wakati wake, siku ambayo mto ulikuwa umefurika na mkunga hakuweza kuvuka. Festi alikuwa juu ya paa kijiji cha mbali. Nyumbani alikuwapo mama mkwe tu, Honoria, mwanamke aliyeijua katekisimu yote kwa moyo, swali na jibu.

Mtoto alilia mara moja tu. Alikuwa wa kiume, na rangi yake haikuwa nzuri.

Sasa, katekisimu inasema wazi kwamba mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kumbatiza, kwa maji yoyote. Honoria alikuwa amelijibu swali hilo mbele ya askofu akiwa msichana, na askofu akamsifu. Lakini hofu ina akili yake. Mikono yake ilikimbilia ile chupa ya maji ya baraka iliyotundikwa kando ya mlango, ikaikuta tupu. Akajitupia shali, akatoka mbio kwenda kuomba kwa kina Durkan, ng'ambo ya mashamba mawili. Jikoni, pembeni, zilikuwapo ndoo mbili za maji ya kisima, zimejaa pomoni. Festi alizichota alfajiri. Kutoka kitandani Sabina aliziona kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mama! Ndoo!" aliita. Lakini mlango wa nje ulikuwa umeshafungwa.

Alijaribu kushuka. Miguu haikumshika. Alijiburuta sakafuni na mtoto kifuani mpaka kizingiti cha jikoni, na hapo nguvu zikamwisha, akaziangalia zile ndoo. Honoria aliporudi ameshika chupa kwa mikono miwili, mtoto alikuwa amenyamaza.

Walikuwa wamekusudia kumwita Kolman. Asiyebatizwa hapewi jina, wala haingii makaburi ya kanisa. Festi alimlaza kwenye sanduku la majani ya chai, na alfajiri ya pili akatoka nalo. Kupitia ukuta Sabina alimsikia Honoria akimwambia mwanawe:

"Usije ukamwambia ni wapi. Mwanamke akipajua mahali, atahamia huko."

Festi akatii. Sabina alimuuliza mara tatu katika mwaka ule, na mara zote alijibiwa vilevile: "Yuko salama, Sabina." Mara ya tatu alisema akiwa amempa mgongo.

Hivyo Novemba moja, mwaka wa tatu, alipomwona anatoka kwenda Kilini na kofia yake ya Jumapili siku isiyo Jumapili, alimfuata. Alijificha nyuma ya ukuta wa mawe. Akamwona mumewe amesimama chini ya mti wa miiba, kofia mkononi, kwa muda mrefu. Akarudi nyumbani kwa njia nyingine, akapika viazi na kabichi, na Festi aliporudi alimwekea sahani iliyojaa kuliko kawaida. Moyo wake ulikuwa karibu na wepesi.

Tangu hapo kila tarehe tisa Machi alipanda mpaka kijitoni, akachagua jiwe jeupe, akaliweka chini ya mti. Imelda, binti yao, alizaliwa, akakua, akahamia Chicago. Mwaka 1993 Festi akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka uliofuata paa likaanza kuvuja, na wilaya nzima hapakuwa na mwezekaji, kwa hiyo Sabina akawekewa vigae vya mawe. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimeshabadilishwa zamani. Haya yote yalipita, na kila Machi jiwe liliwekwa.

*

Jumatatu Dervla alikuja kuomba radhi. Sabina alimkaribisha jikoni, akamkatia mkate wa magadi, akampaka siagi nene.

"Nilisema upuuzi mbele ya watu," Dervla alisema.

"Hukusema upuuzi. Kila aliyepita mlangoni aliacha jiwe. Ila alikuwa ni mtu mmoja tu." Sabina akamsukumia kikombe. "Niambie ukweli. Mtawafanya nini hao wa upande wa kaskazini?"

Dervla akamweleza. Barabara ingepita juu yao. Watoto wote wangeinuliwa na kuzikwa makaburi ya parokia, kaburi moja, chini ya jiwe moja. Padri alikuwa amekubali. Lakini kama familia ingeweza kumtambua wake, ingepewa imzike inapotaka.

"Mume wangu yuko kule mlimani peke yake," Sabina alisema. "Nataka mtoto alazwe naye. Sitaki lingine lolote hapa duniani."

"Kuna alama? Sanduku lilikuwa na kitu?"

"Sijui. Sikuruhusiwa kujua." Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Nilidhani najua."

Nje trekta iliunguruma. Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Alikuwa Malaki Durkan, jirani, mzee wa miaka sitini na minane, asiyesubiri kukaribishwa.

"Sabina, msichana wangu! Upo, au umekufa?"

"Nimekufa. Ingia unizike, ila upanguse viatu kwanza."

"Sikuja kwako, usijivune. Nimesikia binti huyu anakusanya mawe ya kanisa. Nimemletea moja kwenye tela. Babu yangu alilikuta limeshakaa uani kwetu, na babu yake pia. Kuku wamelinywea tangu Nuhu ashuke."

Wakatoka nje. Juu ya tela palikuwa na jiwe kubwa la pembe nane, limechimbwa katikati kama bakuli. Dervla akapanda, akapangusa kuvu kwa kiganja.

"Hili ni birika la ubatizo, Bwana Durkan. La kanisa lile lile."

"Yesu na Maria!" Malaki akapiga paja. "Basi kuku wangu wote ni Wakatoliki. Na mimi nimewala, tena Ijumaa, siku tuliyokatazwa nyama!"

Akacheka kifua kizima, na Dervla akacheka naye. Sabina alikuwa anaangalia jiwe.

"Lilikaa wapi uani?" aliuliza.

"Penye lango. Huwezi kuingia kwetu bila ku—"

Malaki akaishia hapo. Siku ile ya mafuriko alikuwa kijana wa miaka ishirini, ameketi jikoni kwao akishona hatamu, Honoria alipoingia shali limelowa, hana viatu.

"Lilikuwa na maji?" Sabina aliuliza.

"Sabina."

"Nimekuuliza, Malaki."

"Lilikuwa limejaa," akasema polepole. "Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Alijigonga nalo goti akiingia. Alitoka kwetu na ile chupa akichechemea."

Dervla hakuelewa, lakini aliona hahitajiki pale. Alisema anakwenda kwenye gari kutafuta futi kamba, akakaa huko.

"Kuna jingine," Malaki alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Nilimwapia Festi nisiseme. Lakini Festi amekufa, na jana nilikuona pale na jiwe lako mkononi."

"Sema leo. Kesho sitakufungulia mlango."

"Alijua siku ile ulipomfuata Kilini. Alinieleza tukiwa juu ya ghala letu, mimi nampa mabua. Alisikia jiwe linaanguka ukutani, akajua ni wewe. Akaacha njia yake akaenda kusimama penye mti, mpaka ukaondoka. Alisema, 'Sasa ana mahali pa kutazama, na si penyewe. Labda hivyo ataumia nusu.'"

"Nusu," Sabina alisema.

"Alidhani anakuhifadhi."

"Na mawe yangu? Aliyaona?"

"Kila mwaka. Siku moja akaniambia, 'Malaki, sasa nitamwambiaje?' Nikamwambia mwambie tu. Akasema yamekuwa mengi mno."

Sabina hakupiga kelele. Aliingia ndani. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kofia ya Festi ilikuwa imening'inia miaka kumi na mmoja, na kila Jumamosi aliipiga vumbi. Akaitoa, akapita nayo mbele ya Malaki, akaenda kuitundika kwenye nguzo ya lango, mvuani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, hakupanda mlimani kwenye kaburi la mumewe. Watu waliona. Katika Kilvarna watu huona.

*

Alivumilia siku tisa. Ya kumi akavaa mabuti, akaenda Kilini bila kualikwa, akasimama mbele ya wavu mpaka Dervla akaja kumfungulia.

"Nionyeshe kaskazini," alisema.

"Bi Ruane, nikutahadharishe. Udongo wa hapa ni mkali. Unakula mifupa, na ya watoto wachanga ndiyo kabisa. Kwa wengi tunachokuta ni doa tu kwenye udongo."

"Nimeishi na pungufu ya doa. Nionyeshe."

Walitembea juu ya mbao. Chini ya turubai msingi wa ukuta ulinyooka, mawe ya kijivu yenye chokaa bado kati yake, na nje ya ukuta vilipangwa vijishimo, vidogo vidogo, vya urefu wa mkono mmoja. Kila kimoja kilikuwa na mawe meupe. Vingine vilizungushiwa duara, vingine mstari. Kimoja kilikuwa na jiwe moja tu, kubwa, la mtu aliyekuwa na haraka, au aliyekuwa analia. Sabina alipita polepole. Alikuwa kama anasoma majina ya watu aliowajua: huyu alikuwa na mtoto asiyetajwa, na huyu, na yule jirani aliyekufa bila kuongea na mumewe.

Mwisho kabisa, karibu na pembe ya ukuta, Dervla alisimama.

"Hili linanishangaza," alisema. "Limewekwa kwenye mstari ule maji ya paa yalipokuwa yakidondokea. Kuna mahali zamani walipenda kuwazika hapo watoto, ili maji yaliyogusa paa la kanisa yawaangukie, yawe kama ubatizo. Lakini kaburi hili si la zamani, na huyu aliyezika asingeweza kujua. Paa lilikuwa limeanguka kitambo, hata ukuta ulikuwa umefunikwa na majani."

"Mwezekaji angejua," Sabina alisema.

"Samahani?"

"Mwezekaji akikanyaga msingi kwa kisigino anajua ukuta unapita wapi. Na akijua ukuta, anajua maji yataangukia wapi. Ndiyo kazi yake."

Alisema hivyo kabla hajatazama vizuri. Kisha akatazama.

Macho matatu ya mawe meupe, yamepangwa kwa ncha. Mstari mmoja ulionyooka. Macho matatu mengine. Na la mwisho lilikuwa wazi upande mmoja, upana wa kiganja.

Hakukuwa na paa lililobaki duniani lenye alama ile. Ya kwake alishuhudia ikitupwa uani na mafundi wa vigae, akaiwasha moto mwenyewe siku ya tatu, kwa sababu ilikuwa imeoza. Sasa alikuwa amesimama juu yake, anaitazama kutoka juu, kama ndege.

"Mawe haya hayakuwekwa siku moja," Dervla alikuwa anasema taratibu. "Ya upande huu yamezama, ya upande ule yako karibu na majani. Ni jiwe moja, halafu jingine, kwa miaka zaidi ya thelathini. Na tunadhani moja limepotea, hapo mwisho. Tulilitafuta siku mbili."

"Halijapotea," Sabina alisema. "Msilitafute."

Akapiga magoti juu ya ubao. Ilimchukua muda, kwa sababu ya viungo, na hakuruhusu kushikwa mkono.

"Huyu ni wangu," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini vijana waliokuwa wakichimba upande wa pili waliacha kazi. "Anaitwa Kolman Ruane. Baba yake ndiye aliyemwezekea. Hapo penye wazi hakusahau. Hivyo ndivyo alivyoezeka nyumba za watu walio hai."

Malaki aliitwa athibitishe. Alikuja na mabuti ya zizini, akatazama mara moja tu, akavua kofia.

"Kila mwaka akimaliza paa la mwisho, Novemba, alikuwa akipita kijitoni akiokota jiwe," alisema. "Nilidhani ni la bahati. Nikamtania, nikamwambia, Festi, unajenga mnara?" Akajipangusa uso kwa kofia. "Akasema, 'Hapana. Kijumba tu.'"

Miaka yote ile, yeye Machi na mumewe Novemba, kijito kimoja, uwanja mmoja, hatua sitini kati yao. Sabina alijaribu kumkasirikia tena na hasira ikaja, lakini ilikuja imebeba kitu kingine mgongoni, na hakuweza kuvitenganisha. Aliporudi nyumbani aliikuta kofia kwenye nguzo ya lango, imelowa na kupoteza umbo. Akaiingiza ndani, akaiweka karibu na jiko ikauke.

Usiku ule alipiga simu Chicago. Alisema, "Imelda, ulikuwa na kaka," kisha akamsimulia kuanzia kwenye zile ndoo mbili.

*

Walizika Agosti, siku ya manyunyu. Asubuhi padri aliwabariki wale wengine kwenye kaburi lao la pamoja. Tangu Sabina aseme, wanawake wengine watatu walikuwa wamekuja kwa Dervla, mmoja akiwa na miaka tisini, amebebwa na wajukuu, wakiwa na majina waliyoyafumbata midomoni nusu karne. Watoto wao hawakutambulika, lakini majina yaliandikwa. Yale mawe ya chini ya mti wa miiba Sabina aliomba yaletwe yote. "Wagawieni wale wasio na mawe," alisema, na vijana wakayapanga kuzunguka kaburi, moja moja, kama alivyokuwa akiyapanga yeye.

Kisha wakapanda mlimani kwa Festi, watu wanne tu: padri, Dervla, Malaki na yeye. Kijisanduku kilikuwa na udongo wenye doa. Kilikuwa chepesi, na Sabina alikibeba mwenyewe njia nzima, kwa sababu ile mara ya kwanza hakukibeba.

Padri alipomaliza, udongo ukarudishwa. Dervla alitoa mchoro wake alioupima kwa futi, kila jiwe mahali pake, lakini karatasi ilikuwa inalowa na Sabina hakuihitaji. Alitandika gunia, akapiga magoti, akaanza kupanga. Jicho la kwanza. La pili. La tatu. Mstari. Malaki alisimama nyuma yake na mwavuli mweusi.

"La pili limekaa upande," Malaki alisema.

"Umekuwa mwezekaji lini wewe?"

"Nilimpa mabua miaka ishirini."

"Basi baki na kazi hiyo. Usiongee."

Lakini alilinyoosha lile jicho. Akapanga macho matatu mengine, na alipofika la mwisho akaacha wazi, upana wa kiganja, akajifuta mikono kwenye koti.

"Na lile la mfukoni?" Malaki aliuliza. "Nimeona una moja."

Sabina akalitoa. Lilikuwa lile la Machi, ambalo halikupata mahali pa kuwekwa.

"Hili silo la leo. Nikilazwa hapa na mimi, utalikuta kwenye koti hili. Ndipo utalitia hapo, ufunge."

"Na nikikutangulia?"

"Usinitangulie. Umechelewa kila mahali maisha yako yote, Malaki Durkan. Chelewa na hili."

Manyunyu yakawa mvua. Padri alishusha kichwa, Dervla akaficha mchoro ndani ya koti. Sabina aliweka kiganja juu ya mawe, upande wa Festi, akanong'ona neno ambalo wengine hawakulisikia vizuri, ila Malaki aliyekuwa karibu alisikia: "Ungeniambia. Tungekuja pamoja."

Malaki aliona mabega ya Sabina yanalowa. Akausogeza mwavuli umfunike vizuri, na maji yaliyokuwa yakichuruzika ukingoni na kuangukia mawe yakahamia kwenye majani, pembeni.

"Rudisha ulipokuwa," Sabina alisema bila kuinua kichwa.

"Unalowa, msichana wangu."

"Niache nilowe. Rudisha."

Malaki akaurudisha. Maji yakakusanyika kwenye ukingo wa mwavuli, yakasita, yakaanza kudondoka juu ya mawe meupe, tone kwa tone, pale palipoachwa wazi.